Nani Anamuuzia Mwekezaji?

Maneno haya niliyasema mjini Morogoro mbele ya wanafunzi wa biashara, wafanyabiashara wadogo, wakulima wa miwa na wenyeviti wa vijiji kadhaa. Wengi waliotaka kuja walikwamishwa na mvua. Nimeyaandika yote kama yalivyotoka, kwa ajili yao.

Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo? Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Kabla sijaanza naomba mnisaidie hesabu ndogo. Mwenye ndugu, jirani au rafiki aliyewahi kuajiriwa na kampuni ya kigeni, iwe kiwandani, shambani, mgodini au hotelini, anyooshe mkono. Naona ukumbi karibu wote. Asanteni, shusheni. Sasa anyooshe mkono yule ambaye yeye mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwake, amewahi kuiuzia kampuni ya kigeni kitu chochote. Mayai, matofali, mbao, usafiri, sare za wafanyakazi, ushauri wa sheria, chochote kile.

Mmoja, wawili, watatu... wanane. Na humu ndani tumo zaidi ya mia mbili.

Ndugu zangu, nilichokuja kukisema leo kimo katika tofauti ya mikono ile ya kwanza na hii minane. Tunapompokea mwekezaji tunauliza analeta mabilioni mangapi na ataajiri watu wangapi. Ni maswali mazuri. Lakini kuna swali la tatu ambalo kwa miaka 22 niliyokuwa afisa biashara wa wilaya sikulisikia likiulizwa hata mara moja kwenye mkutano wa hadhara: nani atamuuzia? Huyu mgeni atakula nini, atajenga kwa matofali ya nani, vipuri vyake vitachongwa na fundi gani, hesabu zake zitakaguliwa na kijana wa wapi?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuishia kwenye kumwambia mgeni aje. Walitaja na sababu ya kumwita.

Tuelewane kwanza tunamzungumzia mgeni yupi. Kuna fedha za nje zinazoingia kununua hati fungani au hisa chache, na siku zikisikia tetesi zinauza na kuondoka. Hizo siyo mada yetu. Uwekezaji wa moja kwa moja ni pale mtu wa nje anapoingia kwenye uendeshaji wenyewe. Anajenga kiwanda, anachimba mgodi, au ananunua sehemu ya kampuni iliyopo kiasi cha kuwa na sauti ndani yake. Wataalamu wameweka mstari kwenye asilimia 10 ya hisa zenye kura. Uzuri wa fedha hizi ni kwamba kiwanda hakipakiwi kwenye ndege usiku. Kimekaa. Na kwa nchi ambayo akiba ya watu wake ni ndogo na riba ya benki inauma, mtu anayekuja na mtaji, mashine, ujuzi na wateja wa ng'ambo kwa mpigo mmoja ni mtu wa kumtandikia mkeka. Nasema hivi mapema ili asiwepo wa kutoka hapa akisema mama yule anachukia wawekezaji. Siwachukii. Nimeona wanachoweza kufanya, na ndiyo maana naumia kila tunapowapokea vibaya.

Lakini wanafunzi, hili liandikeni, kwa sababu magazetini halifafanuliwi. Mkisoma kwamba uwekezaji wa kiasi fulani cha dola umeingia nchini, ndani ya tarakimu hiyo kuna vitu vitatu. Kuna mtaji mpya ulioletwa. Kuna faida iliyopatikana hapa hapa ikaachwa iendelee kufanya kazi. Na kuna mkopo ambao kampuni mama imeikopesha kampuni yake ya huku. Umesikia hilo la tatu? Mkopo! Mama anamkopesha mwanawe, mwana anamlipa mama riba, na riba ile inahesabiwa kuwa gharama, kwa hiyo inapunguza faida inayotozwa kodi. Sheria yetu ya kodi ya mapato inaliona hilo. Kwa kampuni zinazomilikiwa na watu wa nje imeweka ukomo: deni likizidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji, riba ya ziada haikubaliwi kama gharama. Kwa hiyo mkisikia bilioni, msipige makofi bado. Ulizeni bilioni za aina gani.

Sasa nianze mbali kidogo, Tanga.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg, ikapanda meli nyingine, na ilipofika pwani yetu iliyokuwa hai ilikuwa 62. Sitini na miwili tu! Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wazee wa Kimamba na Kilosa mliomo humu, mkonge mliokulia ndani yake ulianzia kwenye miche ile 62. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000, tukawa miongoni mwa wakubwa kabisa duniani.

Mtaji ulikuja? Ulikuja. Miundombinu ilikuja? Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka ule ule wa 1893, ikapanda polepole hadi Moshi. Ajira zilikuja? Zilikuja nyingi mno, hata Kiswahili kikapata neno jipya. Manamba. Watu waliotolewa makwao mbali kwa mikataba, wakajulikana kwa namba kuliko kwa majina waliyopewa na wazazi wao.

Sasa niambieni, kamba zilisokotwa wapi?

Kwa sehemu kubwa, Ulaya. Huku kwetu jani liliingia korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, singa, yaani nyuzi zake, zikatoka, zikaanikwa, zikafungwa marobota, zikapanda meli. Mashine za kusokota zilikuwa kwingine, wateja wa kamba walijulikana kwingine, na hata namna ya kubuni kitu kipya kutokana na singa ilikuwa kichwani mwa mtu aliyekaa kwingine. Singa zenyewe hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani, na kile kingine chote tulikimwaga kwa miongo kadhaa kama uchafu. Ilipokuja nailoni, bei ikaanguka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunazalisha takriban tani 20,000.

Najua wapo wanaosema utaifishaji wa 1967 ndio ulioua mkonge. Ulichangia, na mimi niliyefanya kazi serikalini sifichi jinsi mashirika yetu mengi yalivyoendeshwa. Lakini bei ilianza kuporomoka kabla ya Azimio la Arusha. Kilichotumaliza ni kwamba zaidi ya miaka 70 ya mtaji wa kigeni ilikuwa imetuachia mashamba na reli, na karibu hakuna fundi, mfanyabiashara wala mvumbuzi wa kwetu aliyeujua mkonge baada ya kutoka korona. Mti ulikuwa mkubwa, lakini mzizi wake ulikuwa upande wa pili wa bahari.

Sasa turudi nyumbani.

Nani ametoka Kidatu? Mkamba? Ruhembe? Msolwa? Karibuni sana. Ninyi mtanisahihisha nikikosea.

Mwaka 1998 serikali iliuza sehemu kubwa ya Kiwanda cha Sukari Kilombero. Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake wakachukua asilimia 75, serikali ikabaki na 25. Kiwanda kilikuwa hoi. Uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000 kwa mwaka. Miaka michache baadaye ukavuka tani 100,000. Hiyo ni kazi ya mtaji na usimamizi, na tuwape haki yao.

Lakini siyo hilo lililonitoa nyumbani kwangu asubuhi na mvua hii. Nataka mtazame miwa ilitoka wapi. Sehemu kubwa ilitoka kwenye shamba la kampuni, na sehemu kubwa nyingine ikatoka kwa wakulima wa nje, yaani wanavijiji wanaolima nje ya shamba la kampuni. Kwa ekari mbili za huyu, ekari tano za yule, ekari za mjane aliyeachiwa na mumewe. Maelfu ya watu wakaanza kumuuzia mwekezaji. Na walipoanza kumuuzia, wengine wakaanza kuwauzia wao: makontrakta wa kuvuna na kusomba, wenye matrekta ya kukodisha, mafundi wa kuchomelea matela, maduka ya mbolea, mama lishe wa wakata miwa, wenye nyumba za kupangisha. Ukipita barabara ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara unaziona nyumba za bati zilizojengwa na sukari, na kuna watoto waliosoma hadi chuo kwa muwa wa baba yao. Wengine wamo humu. Usione aibu, binti yangu, jivunie.

Na mwekezaji naye alifaidika. Upanuzi ulioanza mwaka 2021, uliokusudia kutoka tani zipatazo 127,000 hadi tani zipatazo 271,000, ungewezekanaje bila wakulima ambao tayari wanajua muwa unapandwa vipi na unapaliliwa lini? Asingepata ardhi nyingine ya kutosha bila kugombana na vijiji. Wakulima wa nje ndio waliokuwa jibu lake.

Mama mwenye kitenge cha njano, mkono wako nimeuona tangu nilipotaja Ruhembe. Najua unachotaka kusema. Nitakuja huko huko.

Kilombero siyo peponi. Mkulima wa miwa ana mnunuzi mmoja. Mahindi yakikosa bei Dumila unayapeleka Dodoma. Muwa utaupeleka wapi? Ukishachomwa moto kwa ajili ya kukatwa hausubiri, kila siku inayopita utamu unashuka na wewe unapoteza. Mizani ni ya kiwanda. Kipimo cha utamu kimekuwa kiini cha malalamiko miaka nenda rudi. Umekuwepo pia msimu ambao miwa ilizidi uwezo wa kiwanda, ikabaki shambani, na mkulima ana mkopo wa mbolea juu ya kichwa. Kumuuzia mwekezaji ni hatua kubwa. Kumuuzia ukiwa huna sauti ni nusu ya hatua. Ndiyo maana vyama vya wakulima wa miwa, pamoja na ugomvi wao wote wa ndani, ni sehemu ya uwekezaji ule sawasawa na mitambo. Chama kikiwa dhaifu, hata mwekezaji mwema atakula fungu lako bila kujua amekula.

Sasa niwape kisa changu mwenyewe. Ni cha mayai.

Miaka ya nyuma nilihamishiwa wilaya moja ya Kanda ya Ziwa yenye mgodi wa dhahabu wa kampuni ya kigeni. Sitautaja. Wiki yangu ya pili nilimwona dereva wa lori la baridi amesimama kula. Nikamuuliza amebeba nini. Mayai. Yanakwenda wapi? Mgodini. Yanatoka wapi? Akanitajia mji ulio mbali, safari ya karibu siku nzima. Nikageuka nikatazama uwanja tuliosimama. Kuku walikuwa wanapita miguuni petu.

Nikakasirika. Nikaandika barua. Nikaenda mgodini na hasira yangu, nikapelekwa kwa mkuu wa jiko, Mtanzania mwenzetu, mtu mpole. Akanisikiliza, akanimiminia chai, akafungua daftari. Akasema, mama, mimi nahitaji trei 200 kila wiki, siku ya Jumanne kabla ya saa 2 asubuhi. Nahitaji mayai ya ukubwa unaolingana, yasiyo na ufa wala kinyesi. Nahitaji risiti ya mashine. Na nalipa baada ya siku 60. Niletee mtu huyo, nitamkumbatia.

Nikarudi kimya. Piga hesabu. Trei 200 ni mayai 6,000. Ili uyapate kila wiki bila kukosa unahitaji kuku zaidi ya 1,000 wanaotaga, na wengine wanaokua nyuma yao ili wa kwanza wakichoka wawepo wa kuwarithi. Wilaya nzima hatukuwa na mtu wa namna hiyo. Tulikuwa na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, huyu ana kuku 30, yule 50. Na zile siku 60? Chakula cha kuku hakisubiri siku 60. Mama anayenunua pumba, mashudu na dagaa kwa fedha taslimu leo, akilipwa baada ya miezi miwili, kuku wamekwisha kufa au amekwisha kuwachinja.

Naomba mkae na hilo kidogo. Mwekezaji hakuwa amewakataa. Sheria haikuwa imewakataza. Hakukuwa na adui hata mmoja kwenye kisa kile, na bado fedha zilikuwa zinapita juu ya vichwa vyao kama mawingu yanayokwenda kunyesha wilaya nyingine.

Tulifanya nini? Tulianza na trei 40. Mkuu wa jiko alikubali kuchukua 40 kwetu na zilizobaki kwa yule wa mbali. Akina mama 11 wakajiunga, wakasajili kikundi, wakapata namba ya mlipakodi. Mmoja alikuwa na binti aliyemaliza kidato cha nne. Akawa mtunza daftari wao na mpanga mayai, yai lenye dosari linarudi nyumbani kupikwa. Tukaomba malipo yawe ya siku 14. Ilichukua miezi minne na safari sijui ngapi, wakakubali. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wanapeleka trei 120. Mmoja wao alipaua nyumba. Mwingine alianza kuuza chakula cha kuku kwa wenzake, na nilipomwona amekaa nyuma ya mizani yake ya mashudu nilijua kitu kimeshika mizizi.

Kisha mgodi ukabadilisha kampuni ya upishi. Mkuu wa jiko akaondoka. Waliokuja wakatuuliza, mkataba wenu uko wapi? Hatukuwa nao. Yote yalikuwa maneno ya mdomo kati ya watu waliokuwa wanaheshimiana. Wiki ile akina mama walibaki na trei 120 na hakuna wa kuzichukua, wakayatembeza mayai sokoni kwa bei ya kutupa. Mimi, afisa biashara, mtu mwenye diploma ukutani, sikuwa nimewaambia waandikishiane hata karatasi moja. Kosa lile ni langu, na nimelibeba hadi leo.

Kwa hiyo nikizungumzia mikataba, wanangu, sizungumzii kitu nilichokisoma tu.

Mkataba wa mayai ukikosekana, wanaumia akina mama 11. Mkataba wa taifa ukiwa mbovu, je? Turudi mwaka 1998. Tulikuwa tunatafuta wachimbaji wakubwa kwa udi na uvumba, tukatunga sheria ya madini ya kuwavutia. Mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani ya madini inayolipwa serikalini, ukawekwa asilimia 3. Gharama za mtaji zikaruhusiwa kutolewa zote kabla ya kuhesabu faida, kwa hiyo mgodi unaweza kuchimba miaka na miaka ukiwa kwenye vitabu bado una hasara. Halmashauri zenye migodi zikawa zinalipwa dola 200,000 kwa mwaka, iwe dhahabu imepanda au imeshuka. Na mikataba mingi ilikuwa na vifungu vinavyozuia masharti ya kodi yasibadilishwe.

Wakaja. Nzega, Geita, Bulyanhulu, North Mara. Dhahabu ikatoka kwa wingi. Mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ukasainiwa London wakati serikali yenyewe ilikuwa imesema mikataba ya madini inapitiwa upya. Mbunge kijana, Zitto Kabwe, alilipeleka suala lile bungeni mwezi Agosti, na akasimamishwa ubunge kwa muda. Nchi nzima ikaanza kuzungumza kuhusu mikataba, hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Ikaundwa kamati chini ya Jaji Mark Bomani. Mwaka 2010 ikaja sheria mpya, mrabaha ukawa asilimia 4. Mwaka 2017 yakaja makontena ya makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje, zikaja kamati, sheria za maliasili, mrabaha ukapanda hadi asilimia 6, na Bunge likapewa nguvu ya kupitia masharti hasi kwenye mikataba. Januari 2020 serikali ikasaini na Barrick, kampuni ya kigeni ya dhahabu: kampuni mpya ya Twiga, taifa likiwa na asilimia 16, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza mgogoro.

Ni ushindi? Kwa sehemu, ndiyo, na waliosimamia wapongezwe. Lakini hesabuni miaka. Kutoka 1998 hadi 2020 ni miaka 22 ya kurekebisha kilichoandikwa vibaya siku ya kwanza. Mgodi wa Buzwagi wenyewe ulianza kuzalisha 2009 ukafungwa 2021. Yaani karibu maisha yake yote ya uchimbaji yalipita wakati sisi bado tunabishana masharti. Muwa ukikatwa unachipua. Dhahabu ikitoka haichipui. Na tuseme ukweli wa upande wa pili pia: mwekezaji anayeona sheria kuu ya sekta yake ikibadilika mara kwa mara anaogopa, na mwekezaji mwenye hofu haweki kiwanda cha kuchenjua wala chuo cha mafundi. Anachimba haraka aondoke. Mkataba mbaya uliotupunja mwanzo ulikuja kumtia hofu hata yule ambaye angekaa.

Wenyeviti wa vijiji, sasa nasema na ninyi, na nitasema kwa ufupi kwa sababu mnalijua vizuri kuliko mimi. Kisarawe, miaka ya 2009 hadi 2011. Kampuni ya Kiingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji ili ilime mbono kaburi wa kutengeneza mafuta ya kuendeshea mitambo. Vijiji viliahidiwa visima, zahanati, barabara, na ahadi nyingi zilikuwa za mdomo. Mwaka 2011 kampuni ikashindwa, watu wakapoteza kazi, na ardhi? Haikurudi. Kwa sababu chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ili mwekezaji apewe ardhi ile lazima kwanza ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali kuu, na ikishahama hairudi yenyewe eti kwa kuwa mradi umekufa. Mtu anapoteza mahali pa kuokota kuni, kukata mkaa, kuchimba dawa, na yule aliyemwahidi kisima ameshaondoka nchini.

Mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa kwa jambo kama hili, muhtasari uandikwe mbele ya watu, usomwe kwa sauti, kila ahadi na tarehe yake, kila ahadi na anayewajibika nayo. Na kabla ya kuzungumzia kuhamisha ardhi, mwulizeni mwekezaji kama anaweza kufanya kazi na wakulima wakiwa juu ya ardhi yao wenyewe. Kilombero imeonyesha kwamba kwa zao fulani inawezekana. Haiwezekani kwa kila zao. Lakini ulizeni, kwa sababu asipoulizwa atachukua njia iliyo rahisi kwake.

Wanafunzi, ninyi mna kazi ya aina nyingine. Tangu 2018 kuna kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini. Mgodi unatakiwa uwe na mpango wa namna utakavyonunua bidhaa na huduma za ndani. Karatasi ipo. Anayekosekana ni yule binti mtunza daftari. Kila wilaya yenye mwekezaji mkubwa inahitaji watu kumi wanaojua kuandika zabuni, wanaojua ankara inajazwaje, alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, inapatikanaje, na namna ya kukusanya mayai ya kuku 30 na 50 na 20 yakawa trei 200 za Jumanne asubuhi. Ukimaliza chuo ukatafuta ajira kwa mwekezaji, ni sawa, utapata mshahara. Ukikaa kati yake na wakulima mia, umewapa wakulima mia mnunuzi. Na watu wa benki mliomo humu, nimewaona pale mbele: mtu mwenye oda ya mgodi mkononi na ankara ya siku 60 hahitaji hati ya nyumba ya baba yake ili mumkopeshe. Ankara ile ndiyo dhamana yake. Tafuteni namna ya kuikopeshea.

Wale akina mama 11 mmeniuliza habari zao wakati wa chai. Saba waliacha. Wanne waliendelea, wakaomba upya kwa kampuni ile mpya ya upishi, safari hii kwa maandishi, kwa kurasa mbili alizochapa yule yule binti. Kifungu cha tatu kinasema mnunuzi akitaka kusitisha atoe notisi ya siku 90, ambazo binti alizihesabu kwa kuangalia kifaranga kinachukua muda gani hadi kifikie kuuzwa. Nakala ninayo kwenye mkoba huu. Atakayetaka kuisoma aje mezani.

Sasa mpeni kipaza sauti mama mwenye kitenge cha njano. Mama, ulitaka kusema jambo kuhusu mizani.